Jua la Nyamu

Winfred alizikwa mwezi wa Machi, saa saba mchana, na hema lilikuwa moja. Lilijaa kabla jeneza halijateremshwa garini. Mstari wa mbele walikaa mchungaji Mutugi, naibu wa chifu, karani wa kiwanda cha kahawa, na Nyamu, mtunza stoo wa zahanati, ambaye watu wa pande za Githongo humwita Daktari kwa kuwa funguo ziko kwake. Nyuma ya nyumba akina mama walikuwa wamemaliza kuponda mukimo na kuufunika kwa majani ya ndizi. Ednah, dada wa marehemu, alisimama kando ya kaburi, juani. Yeye na Winfred walizaliwa na ualbino, na jua la saa saba huwala watu kama wao mapema kuliko wengine. Alikuwa amevaa kofia ya ukingo mpana na blauzi ya mikono mirefu. Hakuna aliyeinuka kumpisha hemani, kwa sababu hema lilikodiwa kwa ajili ya wageni, na mfiwa si mgeni.

Nyamu alipewa maikrofoni baada ya karani. Alisema kwamba zahanati imempoteza mteja mwaminifu. Alisema Winfred hakukosa hata kliniki moja, alichukua mkebe wake wa mafuta ya kujikinga na jua, akashukuru, akaenda zake, na kama watu wote wangekuwa na nidhamu kama yake, pande hizi zingekuwa mbali. Kuhusu kidonda kilichoanzia sikioni, kikashuka shingoni na kumla mpaka akafa, alisema hayo ni mapenzi ya Mungu. Kisha akamwita Ednah mbele ya watu na kumkabidhi mkebe mpya, mweupe, wenye picha ya jua kwenye kifuniko.

"Zahanati iko pamoja na wewe," akasema, na watu wakapiga makofi.

Ednah hakuwa mteja wa zahanati. Aliishi Meru mjini, akiuza nyanya soko la Gakoromone, na losheni yake aliinunua duka la dawa, akajipaka usoni na masikioni tu, kwingine akajifunika nguo. Winfred alikuwa akimcheka kwa kununua kitu ambacho wengine wanapewa bure. Kwa hiyo Ednah hakuwa amewahi kufungua mkebe wa zahanati mpaka siku ile, pale kaburini, alipotaka kuongeza kidogo puani kwa sababu jua lilikuwa limezidi.

Aliufungua. Ng'ombe wa jirani, aliyefungwa upande wa pili wa ua, akaacha kula, akageuza kichwa, akamtazama Ednah kwa upole, na maziwa yakaanza kumdondoka majanini.

Hivyo ndivyo ng'ombe walivyokuwa wakimtazama Winfred. Kila alikopita walimfuata mpaka mwisho wa kamba zao wakishusha maziwa, na wenye ng'ombe walikuwa wakimwomba apitie kwao alfajiri kabla ya kukamua. Watu walisema amejaliwa. Ednah alichovya kidole mkebeni, akanusa. Yalikuwa mafuta ya kukamulia, yale ambayo kila mtoto wa mlimani huwapaka ng'ombe chuchu kabla ya kwenda shule. Hayazuii jua hata kidogo.

Mchungaji aliwaita ndugu watupe udongo. Wakachota, wakatupa kaburini, mmoja baada ya mwingine. Zamu yake ilipofika, Ednah alichota konzi moja, akamtazama Nyamu aliyekaa kivulini, na akautupa udongo wake juu.

Haukurudi. Watu walingoja kwa adabu, wengine wakikinga macho kwa viganja. Baada ya muda mchungaji Mutugi alifunga kwa maombi, kwa sababu mukimo ulikuwa unapoa.

Tundu lilionekana angani kesho yake, juu ya boma la Nyamu. Lilitoshana na uwanja wa netiboli, na kingo zake zilikuwa zimechanika kama za gunia lililotafunwa na panya. Mbingu iliyoonekana kupitia pale ilikuwa na buluu nyingine, kali, inayoelekea zambarau, na jua lililoshuka pale lilikuwa jeupe. Eunice, mke wa Nyamu, alianika nguo asubuhi, na alipozianua adhuhuri sketi yake ya kanisani, iliyokuwa na rangi ya damu ya mzee, ilikuwa imekuwa waridi. Viti vya plastiki vilipasuka kila vilipokaliwa. Mbuzi mweupe alibabuka masikio. Sukuma wiki ilifanya madoa ya rangi ya shaba. Nyamu, aliyekuwa amekunywa chai yake nje kama kawaida, hakuweza jioni ile kuigusa kola ya shati lake.

Eunice alimwambia aache kukaa nje. Hayo ndiyo mazungumzo yote waliyofanya kuhusu jambo hilo wiki ile.

Ilijulikana upesi kwamba tundu halikuwa la boma. Lilikuwa la Nyamu. Alipokwenda zahanati lilikwenda naye, na mabati ya zahanati yakapauka. Alipokwenda kanisani lilisimama juu ya kanisa mpaka ibada ikaisha. Alipoondoka kwenda Embu kwa shemeji yake, akae huko mpaka mambo yatulie, watu waliokuwa wakipalilia kando ya barabara waliona mwanga mweupe ukipita juu ya mahindi yao kwa mwendo wa gari, ukipunguza kwenye matuta. Shemeji alimvumilia mpaka muguka wake, ile miraa ya Embu, ulipoungua majani. Kisha akamfungia kuku wawili, akamrudisha kwao kwa heshima zote.

Afisa wa afya ya umma alikuja kutoka mjini, kijana mtaratibu aitwaye Antony, na kifaa cha kupimia miale. Alikielekeza juu. Namba zilipanda mpaka mahali kifaa huishia, kikazima chenyewe. Antony aliwaeleza waliokusanyika kwamba huko juu kabisa kuna tabaka la ozoni linalochuja miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana, inayochoma ngozi, kuleta saratani na kutia macho ukungu. Alisema binadamu waliliharibu kwa gesi za majokofu ya zamani na makopo ya kupulizia, wakaja wakakubaliana kuziacha, na sasa linapona, ingawa polepole. Sehemu iliyochakaa sana huwa kubwa kuliko nchi, akasema, na huwa kusini kabisa mwa dunia. Tundu la mtu mmoja hajaliona, lakini hakuona sababu ya kulikataa. Alishauri kofia, mikono mirefu, miwani myeusi, kukaa kivulini kuanzia katikati ya asubuhi mpaka alasiri, na mafuta ya kujikinga na jua. Kuhusu mafuta, aliwaelekeza waende zahanati wamwone Nyamu. Kuhusu tundu lenyewe, alisema hilo liko chini ya idara ya mazingira.

Nyamu alimsindikiza mpaka kwenye pikipiki, akarudi stoo, akafunga mlango. Losheni halisi ilikuwa ikiletwa kwa katoni, naye alikuwa akiwauzia wanaopeleka wageni kupanda mlima, kwa sababu wazungu huungua upesi na hawabishani bei. Katoni ya mwisho ilikuwa imekwisha kuondoka. Iliyobaki stoo ni mikebe myeupe yenye picha ya jua, imepangwa vizuri mpaka karibu na dari, na yote alikuwa ameijaza yeye kwa kijiko, kwa mafuta kutoka duka la mkewe la dawa za mifugo. Alichukua mkebe mmoja, akajipaka uso na masikio, kwa kuwa hapakuwa na kingine. Njiani kwenda nyumbani ng'ombe walimfuata.

Julai ukungu wa mlima ulishuka kama kila mwaka, ukakaa. Manyunyu yalianza asubuhi na kuendelea mchana kutwa. Buni, ile kahawa ambayo watu huianika nyumbani na ganda lake baada ya kiwanda kufunga, ilianza kuota kuvu ndani ya magunia, na nguo za watoto zilivaliwa na unyevu wake. Julai hakikauki kitu Githongo. Lakini jua la Nyamu lilipenya ukungu na mawingu yaliyo juu ya ukungu, likaangukia boma lake tangu asubuhi. Jirani mmoja alikuja na gunia lake, akaomba nafasi ya kutandaza. Buni ilikauka kabla hajamaliza kikombe cha chai alichopewa na Eunice. Kesho yake walikuja wengi, na turubai, na reki.

Waligundua wenyewe kwamba jua lilikuwa kali zaidi pale Nyamu alipokuwa. Akiingia ndani, liliishia juu ya bati, na buni iliyotandazwa uani ilibaki baridi. Kwa hiyo walimwekea kiti katikati ya uwanja, cha mbao, chenye mikono, na mto wa kukalia. Walimpa na kofia, kwa sababu si watu wabaya.

"Daktari, sogea kidogo upande wa choo," walimwambia, naye akasogea. "Hapo hapo. Ubarikiwe."

Wakageuza buni kumzunguka, wakizungumza habari za karo na za mbolea, na kila aliyemaliza aliacha debe moja mlangoni kwa shukrani. Eunice aliyaingiza madebe ndani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na mwaka ule alibadilisha mapazia.

Kidonda kilimtokea Nyamu kwenye ncha ya sikio la kushoto, kidogo kama punje ya mtama, pale pale kilipoanzia cha Winfred. Hakikupona. Machoni ukaingia weupe, na kufikia mwisho wa mwezi alikuwa akiwatambua watu kwa sauti zao na kwa namna walivyovuta reki. Kazini hakwenda tena mara kwa mara, kwa kuwa kitini alihitajika zaidi. Siku za kliniki Eunice ndiye aliyebeba funguo. Wenye ualbino wa milima ile walikuja, wakapanga foleni barazani, kila mmoja akapewa mkebe wake, wakashukuru, wakaenda zao. Mikebe ilipopungua, Eunice aliijaza.

Habari hizi zote zilimfikia Ednah huko Gakoromone kupitia kwa wateja. Alizisikiliza akipanga nyanya, akauliza tu kuhusu sikio, ni la kushoto au la kulia. Alipoambiwa ni la kushoto aliongeza nyanya moja juu ya fungu la mteja.

Nyamu mwenyewe alikuja Agosti. Mwanga ulimtangulia. Ulitokea upande wa stendi, ukapita juu ya vibanda, na wauza mboga wakafunika bidhaa zao kwa magunia bila kuulizana. Rahema, aliyeuza vitunguu kando ya Ednah tangu wote wawili walipokuwa wasichana, alifungua mwavuli wake na kuuweka juu ya mwavuli wa Ednah, ikawa miwili.

"Mgeni wako huyo," Rahema akasema. "Mwambie asikae sana. Vitunguu vyangu vimeanza kuvua nguo."

Nyamu alisimama mbele ya meza akiwa na fimbo na mkono wa jamaa aliyemleta. Sikio lilikuwa limefungwa bendeji. Akamsalimia Rahema, akamwita Ednah.

"Mimi ni muuza vitunguu, mzee," Rahema akasema. "Uliyemfuata ndiye huyo aliyenyamaza."

Nyamu aligeuza uso kidogo. Alisema hakuja kugombana. Alisema yeye ni mtu mzima, ana kazi ya serikali na wajukuu, na haifai mtu wa umri wake kukaa uani kama kinyago cha kufukuzia ndege.

"Hiyo kitu uliweka huko juu, itoe," akasema.

"Sijui kuitoa, mzee. Nilirusha tu."

"Basi sema neno. Iliingia kwa mkono wako."

"Sema wewe kwanza," Ednah akasema. "Jumapili, kanisani, kwenye maikrofoni. Sema ulikuwa unaweka nini ndani ya mikebe."

Nyamu alifikiri. Kwenye meza, nyanya za juu zilikuwa zimeanza kufanya mabaka meupe.

"Ni mafuta," akasema. "Mafuta ni mafuta. Kiwele cha ng'ombe ni laini kuliko uso wa mtu, na haijawahi kudhuru kiwele. Mimi sikumpa mtu sumu."

"Na yale mengine uliwauzia wapanda mlima."

"Wale wana ngozi nyepesi."

"Na ya Winfred?"

Rahema aliacha kuchambua vitunguu. Nyamu alihamisha fimbo kutoka mkono mmoja hadi mwingine, akaomba maji, na Ednah akampa maji, kwa sababu mtu akiomba maji hupewa. Aliyanywa yote. Kisha akasema kwamba kati yao wawili kuna mmoja atakayeomba msamaha mbele ya kanisa, na si yeye. Mwanga uliondoka naye kuelekea stendi, polepole, ukisimama aliposimama. Rahema alitoa nyanya zilizoungua, akaziweka kando kwa ajili ya nguruwe wa mtu fulani, akasema kwamba amewahi kuona watu wagumu, tena ameolewa na mmoja, lakini huyu ni wa mawe.

Aliporudi Githongo, Nyamu aliingia chumbani, akajifungia. Alitangaza kupitia dirishani kwamba hatakaa kitini tena mpaka yule mwanamke asimame kanisani na kuomba msamaha kwa kumtupia ubaya. Watu walimbembeleza. Walimletea mto mwingine. Walimpikia uji wa mtama, wakampitishia dirishani, akaunywa, akafunga dirisha. Jua lilikaa juu ya bati lake siku nzima bila kazi, na uani buni ikalowa.

Kuvu ilirudi, na watu wakaanza kumkasirikia Ednah.

Mchungaji Mutugi alikwenda Gakoromone na akina mama wawili wa kwaya. Walimkuta Ednah akimhudumia mteja, wakangoja, kisha wakasema ujumbe wao kwa upole, kwa kupokezana. Walisema mwezi wa nane ni mgumu kwa kila mtu. Walisema kisasi ni cha Mungu. Walisema Winfred, popote alipo, hawezi kufurahia magunia yanayooza.

"Hatusemi utoe tundu," Mutugi akaeleza. "Tundu, liache. Wewe omba msamaha tu, mzee arudi kitini."

Ednah aliwauliza kama zahanati bado inagawa mikebe. Mmoja wa akina mama akasema inagawa, Eunice ni mchapakazi, hajaruka hata kliniki moja. Ednah akakunja mfuko wa mteja, akamrudishia chenji, akasema atakuja Jumapili.

Walipoondoka Rahema alimgeukia.

"Kwa hivyo unaenda kumpigia magoti?"

"Ninaenda kwa sababu kuna maikrofoni," Ednah akasema.

Jumapili ile watu walikuja na magunia yao moja kwa moja kanisani, wakayaegemeza ukutani kwa nje, ili wasipoteze muda baadaye. Nyamu aliletwa kabla ya wimbo wa kwanza na kuketishwa mbele. Kanisa lile lina mabati machache yanayopitisha mwanga, na kupitia hayo jua lake lilishuka juu ya mistari ya mbele likiwa jeupe. Waliozoea kukaa pale walikuja na kofia. Vitabu vya nyimbo vilipauka vikishikwa.

Ednah aliingia na mwavuli uliofunguliwa, akatembea nao mpaka mbele, na hakuna aliyemkataza. Aliposimama karibu na Nyamu, ngozi ya mikono yake ilianza kumchoma hata ndani ya blauzi, kwa hiyo alijua kwamba hatasema kwa muda mrefu. Mutugi alimkabidhi maikrofoni, akamkumbusha kwa sauti ya chini kwamba ni maneno mawili tu yanayohitajika.

Ednah alisema jina lake na jina la baba yake. Alisema dada yake alikwenda zahanati kila mwezi kuchukua mafuta ya jua, akajipaka asubuhi, akatoka kwenda shambani akiamini amekingwa, akainama kwenye kahawa ya watu mchana kutwa sikio likiwa wazi. Alisema yaliyokuwa mkebeni ni mafuta ya kukamulia. Alisema nani aliyaweka, kwa kijiko, na mafuta halisi yalikwenda kwa nani. Hakupandisha sauti. Katika mstari wa tatu alimwona mama mmoja kijana na binti yake mwenye ualbino, aliyevaa sare ya shule ya Jumapili, uso wa mtoto uking'aa.

"Mama," Ednah akasema, "huyo mtoto umempaka mafuta ya ng'ombe."

Yule mama alimfuta mtoto shavu kwa kidole, akatazama kidole.

"Najua, dada," akasema. "Lakini ni ya bure."

Ednah aliwatazama wengine. Alitazama mstari hadi mstari, na kila alipotazama alikuta uso mtulivu, wa mtu anayesubiri tangazo limalizike. Karani wa kiwanda alikuwa akisafisha miwani. Eunice alikuwa na mkoba mapajani, na funguo za stoo zilikuwa zimening'inia kwenye mpini wa mkoba, kwa sababu kliniki ilikuwa Jumanne.

"Ednah, hilo linajulikana," mchungaji Mutugi akasema, naye alikuwa mpole kweli. "Hapa nani hana ng'ombe? Nani hajui hiyo harufu? Tulikuwa tukimwambia Winfred apite bomani asubuhi. Sasa malizia, mpendwa. Jua linapanda."

Nje mtu mmoja alikuwa amekwisha kutandaza turubai lake, walisikia akilipigapiga. Baadhi ya waliokaa nyuma wakainuka. Akina mama wawili wa kwaya wakaenda mbele, wakamshika Nyamu viwiko, mmoja huku na mmoja huku, wakamwambia kwamba amesikika na yule naye amesikika, ibada imekwisha, twende Daktari, mchana wa jua haurudi. Nyamu akasema bado hajaombwa msamaha. Wakasema ataombwa, lakini asimame kwanza. Akasema sikio linamuuma. Wakasema pole, wakamvisha kofia, wakamwinua.

Walipompitisha karibu na mwavuli, alikaza miguu. Weupe ulikuwa umejaa macho yake yote mawili, na bendeji ilikuwa imeloa. Harufu ya mkebe ilimtoka shingoni. Aliinamisha kichwa mpaka karibu na mkono wa Ednah, akasema kwa sauti ndogo, kama anayeongea na mwanawe.

"Neno moja tu, Ednah. Wakisikia umekataa, nitakaa ndani."

Maikrofoni ilikuwa bado mkononi mwa Ednah.

"Siombi msamaha," Ednah akasema, na spika za nje zikayapeleka maneno yake mpaka kwenye magunia. "Leo siombi, na mkinirudisha hapa Jumapili ijayo, siombi."

Kisha akayarudia kwa Kimeru, polepole, ili wazee wa viti vya nyuma wasije wakasema hawakusikia.